Mheshimiwa wa Pengoni

Wiki iliyopita chama cha historia kilinijia na nyundo, kikapigilia kibao cha shaba kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yangu. Kibao kinasema kwamba hapa aliishi Mheshimiwa Azariah Plumley, mkulima, mbunge wa mji wa Pelling katika Bunge la Vermont, na kwamba nyumba ilijengwa na baba mkwe wake. Basi, kimeishia hapo. Katibu wa chama, bwana mmoja mwenye tai, akaniuliza kama nimeridhika. Nikamwambia kimenyooka. Na kweli kimenyooka, lakini hakisemi lolote la maana, na mimi si mtu wa kukaa kimya nyuma ya shaba inayosema nusu.

Nilizaliwa Stickney, nikaolewa na Plumley. Babu yangu mzaa baba ni Hosea Stickney, yule mwenye duka la njia panda. Mume wangu ni mjukuu wa Azariah. Wazee hao wawili walikuwa paka na panya, ila hawakuwahi kukubaliana nani alikuwa paka. Kwa hiyo hadithi hii nimelishwa kwa vijiko viwili, kila kimoja na chumvi yake, na baada ya kuishi ndani ya nyumba yenyewe miaka yote hii najua kipi nimeze na kipi niteme.

Azariah alikuwa mtu mrefu, mfuga kondoo, na mkimya kupita kiasi. Lovina mkewe alikuwa akisema kwamba yeye hakuposwa kwa maneno; aliletewa kondoo mlangoni na mwanamume aliyeganda kama nguzo ya ua, akalazimika kujijazia mwenyewe yaliyobaki. Baada ya harusi walikaa katika nyumba ya baba yake Lovina, nyumba hii, yenye dohani kubwa ya mawe katikati na tanuri la mkate linaloweza kummeza ndama.

Kwa mtu mkimya vile, utashangaa alivyoupenda ubunge. Kila Oktoba alivaa kofia yake ndefu ya manyoya, akaenda Montpelier kwenye Bunge, akaketi kwenye kiti chake na kusikiliza. Miaka yote aliyokaa humo hakufungua kinywa ila kwa kupiga miayo. Aliinua mkono panapostahili, akarudi nyumbani. Watu wakimwita Mheshimiwa, masikio yake yaliiva kwa raha. Na Pelling walimrudisha kila Septemba kwa sababu rahisi: Oktoba ni mwezi wa viazi na matofaa, na hakuna mwenye akili aliyetaka kuacha viazi vyake ardhini akasikilize hotuba. Hakuna, isipokuwa babu yangu Hosea, ambaye hakuwa na shamba na alikuwa na maneno mengi. Alijaribu kila mwaka na kushindwa kila mwaka, kisha akamuuzia Azariah tumbaku ya safari huku akitabasamu kwa meno ya mbele tu.

Sasa lazima niseme juu ya Pengo. Wale waliopima vilima vyetu hapo zamani walipima kila mji peke yake, kwa mnyororo, katikati ya vinamasi na mbu, na inasemekana chupa ilitembea mkono kwa mkono zaidi kuliko mnyororo. Ramani zilipokuja kuwekwa pamoja, kulikuwa na ukanda wa msitu ambao haukuwa wa mji wowote. Wakauita Pengo la Tuttle. Pengoni hapakuwa na kodi, wala barabara, wala shule, wala kura. Waliishi humo watu wachache waliopenda hayo mawili ya mwanzo na kuvumilia yaliyobaki, na mkubwa wao alikuwa Jabez Crouch, mpasua vigae vya mbao, mwenye watoto wengi hata mkewe akiwaita chakula alianza na wadogo ili wakubwa wapate muda wa kuoga.

Mwezi Machi mmoja Jabez alitokea kwenye mkutano wa mji, kofia mkononi, akaomba watoto wake waruhusiwe kusoma katika shule ya Pelling. Watu wakatazamana. Azariah akasimama. Ukumbi mzima ukanyamaza, maana Azariah hakuwa akisimama.

"Asiye na mji," akasema, "asome msituni."

Ukumbi ukaangua kicheko. Ulikuwa mzaha wake wa kwanza hadharani na uliwapendeza watu hata ukazunguka wilaya nzima. Jabez akavaa kofia yake akatoka. Naona haya kusema kwamba babu yangu Hosea alicheka kuliko wote.

Mwaka uleule Pelling iligombana na mji jirani juu ya nani atengeneze daraja, ikabidi mpaka upimwe upya. Safari hii alikuja mpimaji mlokole, asiyegusa hata siki ya tofaa. Alipima toka kilimani, akashuka malishoni kwa Azariah, akapita katikati ya ua, akasimamisha kigingi chenye kitambaa chekundu kati ya zizi na nyumba. Lovina alikuwa anaanika nguo.

"Bwana," akamwambia, "umetoboa ua wangu."

"Samahani, mama. Ndipo mpaka unapopita."

"Mpaka wa nini na nini?"

"Wa Pelling na Pengo la Tuttle."

"Na Pelling ni upande upi?"

Mpimaji akaonyesha zizi. Lovina akakaa juu ya kapu la nguo akacheka mpaka machozi yakamtoka. Azariah alipokuja kuelezwa, hakucheka. Alizunguka kile kigingi, akakipima kwa jicho kutoka huku na kutoka kule, kana kwamba kingeona aibu na kusogea.

Habari haikuchukua muda kufika dukani. Septemba ilipowadia, watu wenye haki ya kura wakakusanyika kama kawaida kuchagua mbunge, na kama kawaida jina la Azariah likatajwa kwanza. Babu yangu akainuka taratibu.

"Mwenyekiti, nina swali dogo tu. Mheshimiwa Plumley analala wapi?"

"Nyumbani kwake," akajibu mwenyekiti. "Swali gani hilo?"

"Na nyumba yake iko mji gani?"

Hapo ndipo uso wa Azariah ulipobadilika rangi, maana sheria ni sheria: mbunge wa mji lazima awe mkazi wa mji. Mwenyekiti akajikuna. Kutoka nyuma sauti ikapaa: "Basi tumchague fahali wake! Yeye analala zizini, na zizi liko Pelling!"

"Na hasemi sana," mwingine akaongeza. "Hatutaona tofauti!"

Babu yangu alishinda siku ile. Fahali alipata kura kadhaa, na upande wa Plumley mpaka leo wanashikilia kwamba alikosa kidogo tu.

Lakini Azariah hakukubali. Alikitaka kiti chake. Akamwambia Lovina kwamba ikiwa kisheria mtu anaishi pale anapolala, basi yeye atalala Pelling. Akachukua mablanketi mawili akahamia zizini.

"Nenda," Lovina akamwambia. "Wasalimie wapiga kura wako."

Alivumilia mpaka baridi ya Novemba ilipoanza kugandisha ndevu zake kwenye blanketi. Alirudi ndani asubuhi moja akipiga chafya, ana nyasi nywelini, akakaa mbele ya tanuri bila neno, na Lovina akamwekea uji bila neno. Ndoa nyingi zimeokolewa na uji wa namna hiyo.

Lililomchoma hasa lilikuja Desemba, shule ilipofunguliwa kwa majira ya baridi. Rhoda, binti yao mdogo, aliondoka asubuhi na kikopo chake cha chakula, akarejea kabla hakijapoa.

"Mbona umerudi?" Azariah akauliza.

"Mwalimu kasema siwezi kukaa, Baba. Kasema sisi ni wa Pengoni."

"Hivyo tu?"

"Na wenzangu wote wakasema asiye na mji asome msituni. Wakacheka. Baba, nani katunga maneno hayo?"

Azariah akatazama viatu vyake. Lovina alikuwa anakanda unga, akaacha.

"Mwambie, Bwana Plumley," akasema. "Mtoto kakuuliza. Mwambie nani katunga."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Hakumwambia siku ile. Alitoka nje akapasua kuni mpaka giza, na kuni zenyewe zilikuwa zimekwisha kupasuliwa.

Watu wa Pelling hawakuwa wabaya, nisieleweke vibaya. Kumcheka jirani ni jambo moja, kumwacha katika shida ni jambo jingine. Shemasi mmoja akatoa wazo ambalo kila mtu alishangaa hakulifikiria yeye: nyumba ihamishwe. Kwetu hilo si jambo la ajabu. Theluji ikishindiliwa vizuri, nyumba huinuliwa, ikawekwa juu ya magogo marefu yaliyochongwa, ikafungwa minyororo, na majirani wote wakaja na maksai wao wakaivuta. Kanisa letu lenyewe limehama mara mbili. Na nyumba ya Azariah ilihitaji kuvuka ua tu, ikapite kile kigingi, basi, mwenyewe ni mkazi, mtoto ni mwanafunzi, na Septemba Hosea anarudi kwenye jibini lake la dukani.

Azariah alifurahi hata akazungumza sentensi mbili mfululizo. Kulikuwa na kikwazo kimoja. Nyumba yenye dohani ya mawe katikati haiwezi kuvutwa. Dohani sharti ibomolewe kwanza, na tanuri lake.

"Nitakujengea jingine," akamwambia Lovina.

Lovina hakusema ndiyo wala hapana, na Azariah, ambaye maisha yake yote alihesabu kimya kuwa ndiyo, akawaalika watu.

Walikuja Februari, asubuhi ya anga safi. Ua ulijaa maksai, jozi kwa jozi, wakifuka mvuke puani. Wanaume walikuja na nyundo na mitaimbo ya kubomolea. Sasa, desturi yetu ni kwamba wenye kazi hulishwa kabla ya kazi, na mwenye nyumba akifanya ubahili katika hilo jina lake limekwisha. Wakaingia jikoni, wakakuta Lovina amewasha tanuri tangu alfajiri. Maharagwe yalikuwa yameiva kwa nyama ya nguruwe na sukari ya utomvu wa miti. Kulikuwa na mkate wa mahindi, kulikuwa na pai za matofaa.

Wakala, wakashukuru. Shemasi akashika nyundo.

"Mama Plumley, tuuzime moto sasa?"

"Kuna mikate ndani," Lovina akasema. "Utabomoa tanuri lenye mkate, Shemasi?"

Hakuna Mkristo wa Vermont anayeweza kufanya hivyo. Wakangoja. Mikate ikatoka, nao wakaila kwa jibini. Alipogeuka Shemasi, mingine ilikuwa imekwisha ingia.

"Hii pia, mama?"

"Hiyo nayo ni yenu. Au mmeshiba?"

Hakuna aliyetaka kusema ameshiba, maana ukisema hivyo mwenzako atapata kipande chako. Babu yangu Hosea, ambaye alikuja kutazama tu, alisimulia kwamba yeye peke yake alikula pai nzima na kusahau amekuja kumshabikia nani. Jua likapanda. Matone yakaanza kudondoka kutoka kwenye paa.

Azariah ndiye aliyeelewa kwanza. Akamfuata mkewe pale tanurini, akainama.

"Lovina. Theluji inalainika."

"Naona."

"Unaupika mchana wote uishe."

"Naupika."

"Kwa sababu ya mawe ya baba yako?"

Akafunga mlango wa tanuri, akajifuta mikono, akamwonyesha dirisha. "Tazama kule mwisho wa mstari. Maksai wale wembamba ni wa nani?"

Azariah akatazama. Walikuwa wa Jabez Crouch. Jabez mwenyewe alisimama kando yao, amefungasha minyororo yake, hakuingia ndani kula kwa kuwa hakujua kama amealikwa.

"Umemfukuzia watoto wake msituni," Lovina akasema, "na leo ameleta maksai wake wakusaidie umkimbie. Mimi sitahama, Azariah. Nimezaa watoto wangu humu. Kama hapa si mahali, basi nimewazaa pasipo mahali, na hapo hapo nitakufa."

Azariah akaiendea meza. Alichukua sahani, akapakua maharagwe, akakata mkate, akatoka nje nayo mwenyewe, kichwa wazi. Watu wote waliona Mheshimiwa akimhudumia Jabez Crouch kwenye tope. Maana kufikia hapo lilikuwa tope. Maksai walizama hadi magotini, na wanaume, wameshiba hawajiwezi, wakaenda zao kwa furaha wakisema haijapata kutokea siku ya kuhamisha nyumba nzuri kama ile.

Jioni ile Azariah akamuuliza mkewe, "Sasa nifanye nini?"

"Umekaa Bungeni miaka yote hiyo. Si huko wanakotengeneza mipaka?"

"Ni huko."

"Basi nyumba ina dohani, mpaka hauna. Hamisha mpaka."

Ndivyo wanawake wa ukoo huu wanavyozungumza siasa. Jambo lenyewe liliwezekana: Bunge likitaka, laweza kuliunganisha pengo na mji kwa sheria moja fupi. Lakini sharti mswada upelekwe na mbunge wa Pelling, na mbunge wa Pelling alikuwa Hosea Stickney.

Wakati huo huo watoto wa Crouch walianza kuja jikoni kwa Lovina. Alianza mmoja, akaja na ndugu, kisha wote. Rhoda aliwafundisha herufi kwa mkaa kwenye mawe ya mbele ya tanuri. Lovina alipika, akakanyaga watoto, akafuta herufi kwa sketi yake kila alipopita. "Bwana Plumley," alikuwa akisema, "mpaka huo unakwenda polepole."

Majira ya joto yakaja, na Azariah akapiga moyo konde akaenda dukani. Babu yangu alikuwa anakata jibini. Mazungumzo haya nimeyasikia kwa pande zote mbili na hayakutofautiana hata neno, kwa hiyo nayaamini.

"Nataka Pengo liingizwe mjini," Azariah akasema.

"Najua. Mji mzima unajua. Na likiingia, na nyumba yako imeingia, Septemba inayofuata unanichinja. Nikunolee na kisu?"

"Sitagombea."

"Mwaka huo?"

"Mwaka wowote."

Kisu kikasimama katikati ya jibini. Babu alimjua mtu huyo tangu utotoni. Alijua alivyokipenda kile kiti.

"Azariah, ulilala zizini kwa ajili ya kiti hicho."

"Nililala."

"Na mkeo anajua unachofanya?"

"Hajui. Wala usimwambie. Wala mtu mwingine."

Wakashikana mikono juu ya jibini. Babu alisema mkono wa Azariah ulikuwa wa baridi, ingawa kulikuwa na joto la kuivisha ngano.

Septemba Hosea alichaguliwa tena bila jasho, na Oktoba wakaenda Montpelier pamoja kwa gari moja la farasi, mmoja akizungumza njia nzima. Lakini babu yangu, aliyekuwa bingwa wa maneno nyuma ya kaunta, alipofika mbele ya kamati na kuona wanaume wale wote wenye ndevu wakimkazia macho, ulimi ukamgomea. Alisoma kichwa cha mswada, akakohoa, akasoma kichwa tena. Mwenyekiti wa kamati akauliza kama kuna mtu kutoka Pengo la Tuttle anayeweza kusema.

Azariah akasimama, kofia kifuani.

"Waheshimiwa," akasema, "mlinizoea humu. Niliketi pale. Miaka yote nilidhani nawakilisha Pelling, kumbe nilikuwa sina kwetu, na hakuna hata mmoja wenu aliyegundua. Simlaumu mtu, na mimi sikugundua." Wakaanza kucheka. Akangoja. "Tuna sheria nzuri humu. Niliinulia mkono mwenyewe. Ng'ombe akipotea njia, mji anaokutwa lazima umpe nyasi na maji na paa mpaka mwenyewe apatikane. Hatumuulizi kazaliwa upande gani wa mpaka. Pengoni kuna watoto. Niliwahi kusema neno baya juu yao, na neno hilo likarudi nyumbani kwangu likamkuta binti yangu. Naomba muwatendee watoto hao kama ng'ombe."

Akakaa. Hiyo ndiyo hotuba yake yote ya Bungeni, na aliitoa akiwa si mbunge. Walicheka mpaka wakapiga meza, na mswada ukapita.

Rhoda alirudi shuleni, na nyuma yake watoto wa Crouch wakaingia kwa mstari mrefu hata mwalimu akadhani ni msafara wa mazishi. Jabez alinung'unikia kodi mpaka akachoka, lakini alinung'unika akiwasindikiza mwenyewe mpaka mlangoni, kila siku ya theluji nzito.

Sasa nafika Septemba iliyofuata. Watu wa Pengo walikuja mjini kupiga kura mara yao ya kwanza. Kwetu mtu hapigi kura kabla ya kuapa, na wao waliapa pamoja, mikono juu, Jabez mbele yao amechana nywele kwa maji: kwamba kila atakapopiga kura ataipiga kadiri dhamiri yake inavyomwonyesha ni kwa heri ya watu wote, bila kumwogopa mtu wala kumpendelea. Jabez hakujua kuandika. Binti yake mkubwa alisimama mlangoni, akamwandikia karatasi yake juu ya goti.

Azariah alikaa nyuma kabisa. Jina lake halikutajwa na mtu, kwa kuwa alikuwa amewaambia watu kwamba kiuno kinamuuma. Kura zikasomwa. Hosea Stickney. Azariah Plumley. Azariah Plumley. Hosea Stickney. Azariah Plumley. Pengo zima lilimwandika, na nusu ya Pelling nao, waliokumbuka pai au kitu kingine. Zilipokwisha, mwenyekiti akatangaza kwamba Azariah ameshinda, na watu wakapiga miguu sakafuni wakiita, "Mheshimiwa! Mheshimiwa!"

Hapo upande wa Stickney wanasema babu alisimama kiungwana akamrudishia Azariah neno lake. Upande wa Plumley wanasema hakusimama. Mimi ni Stickney, na nilikaa magotini pa mzee yule. Hakusimama. Aliketi akitazama mbele, na jasho likimtoka, akingoja kuona.

Masikio ya Azariah yalikuwa yameiva. Angeweza kunyamaza tu, kunyamaza alikujua. Hakuna aliyejua habari za dukani ila watu wawili, na mmoja wao hakuwa na uso wa kulalamika. Alisimama, akashika mgongo wa benchi.

"Nashukuru," akasema. "Siwezi kukubali. Nilitoa neno langu kwamba sitakaa tena kiti hicho, nikapewa nilichokitaka, na kilichotolewa hakirudishwi. Pigeni upya."

Ukumbi ukavuma. Lakini aliyekasirika kuliko wote ni Jabez Crouch.

"Neno kwa nani? Mimi nimeapa hapa sasa hivi kwa dhamiri yangu! Dhamiri yangu imesema wewe! Ndiyo kura yangu ya kwanza tangu nizaliwe, unaitupa?"

"Siitupi, jirani." Azariah alizungumza taratibu. "Miaka yote ile walinichagua kwa sababu hakuna aliyetaka kuacha viazi vyake. Leo wewe umeacha vyako, umetembea kutoka Pengoni, umeapa, umenichagua mimi, mtu aliyekucheka mbele ya watu ukumbini humu. Hiyo ndiyo kura pekee niliyowahi kuipata. Hiyo imenitosha."

Jabez akachukua karatasi nyingine. "Basi niambie nimwandike nani."

"Umeapa kwa dhamiri yako, si kwa yangu."

Wakapiga upya. Hosea akapita. Zilipokuwa zinasomwa, katikati ya Hosea Stickney mfululizo, ikatoka moja: Azariah Plumley. Watu wakageuka kumtazama Jabez. Jabez akatazama dari. Azariah akasimama, akashukuru, akakataa, akakaa.

Nyumbani alimwambia Lovina yote, tangu dukani. Lovina alilia kidogo, kisha akamgombeza kwa kumficha, kisha akamwambia akae ale. Babu yangu aliendelea kwenda Montpelier kila Oktoba, na kila kabla ya kwenda alipitia hapa, akakaa jikoni na kusema, "Azariah, wewe ungeinua mkono au usingeinua?" Na Azariah akimwambia, babu aliinua hivyohivyo. Wote wawili wakazeeka katika mpango huo, nami sijui ni nani hasa alikuwa mbunge.

Na kila Septemba, katika kusoma kura, ilitoka ile moja. Azariah alikuja mkutanoni kwa ajili hiyo tu, nadhani. Alisimama, akashukuru, akakataa, akakaa. Wageni walicheka, sisi tulizoea. Alifanya hivyo hata alipohitaji fimbo mbili kusimama.

Alikufa mwezi wa Agosti, mavuno ya nyasi yakiwa yamekwisha. Septemba ile mwenyekiti wa mkutano alikuwa babu yangu, ambaye kwa uzee alikwisha acha ubunge. Mimi nilikuwa msichana, nimekaa mlangoni na wanawake. Akasoma karatasi moja baada ya nyingine, akafika kwenye moja akasimama. Kura ya mtu aliyekufa haina kazi, hutupwa. Kila mtu ukumbini alilijua hilo. Babu akaisoma kwa sauti: "Azariah Plumley." Kisha akashusha miwani, akatazama lile benchi la nyuma, akangoja muda uleule aliozoea kungoja mtu asimame aikatae. Hakuna aliyesimama, basi akaihesabu.